Munich: taarab kwenye spika za bei ya nyumba

Nianze na spika ndogo, kwa kuwa ndizo zilizonirudisha chumba kile kile mara mbili siku moja, kwenye maonyesho ya mitambo ya muziki ya Munich. Kimo chake sentimita 30 hivi, upana 19. Ukizikuta dukani utadhani ni za kompyuta. Zinaitwa LS3/5a. Wahandisi wa BBC waliziunda mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hamna nafasi ya spika kubwa na fundi lazima ajue kama sauti ya mtangazaji imekaa sawa. BBC wenyewe walitoa leseni tu, na mpaka leo zipo kampuni za Uingereza zinazoendelea kuzitengeneza. Desturi ya wahandisi wale ilikuwa kumweka mtu aongee studio, kisha wasikilize sauti yake ikitoka kwenye spika chumba cha pili, na walinganishe. Spika inayomgeuza mtu kuwa mwingine inarudi karakana.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, niliijua kupitia redio ya babu ya masafa mafupi. Sauti inakuja, inazama, inarudi imebebwa na mvumo. Kwa hiyo nilipokaa kwenye kile kichumba na mwenye chumba akakubali kunipigia taarab ya Unguja, nilisikiliza kitu kimoja tu: mwimbaji ana kifua? Anacho. Anavuta pumzi kabla ya beti, unasikia ulimi ukigusa meno kwenye "th" na "dh", na anasimama mahali pake, katikati, hatua mbili nyuma ya spika, fidla zikiwa zimempa nafasi. Besi ya chini hamna. Fidla kubwa ilikuwa inatajwa zaidi kuliko kusikika. Sikujali. Sauti ya mtu ilikuwa ya mtu.

Maonyesho yenyewe yanaitwa HIGH END. Yalianza mwaka 1982 mjini Düsseldorf, yakakaa Frankfurt kwa miaka mingi, na tangu 2004 yakawa Munich, kwenye majengo ya MOC pale Freimann. Ulikuwa unashuka treni ya U6 kituo cha Kieferngarten, kisha unafuata wanaume wenye mvi na mikoba ya santuri, huwezi kupotea. Mei 2025 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho hapo, kuanzia 2026 ni Vienna. Ninaishi Augsburg, kazi yangu ni umeme wa majengo, lakini kabla ya kuja Ujerumani nilikuwa fundi mitambo wa vikundi vya taarab. Harusi, maulidi, shughuli za kina mama. Nimekesha nyuma ya miksa, kipaza kikipiga mluzi na bibi harusi akinitazama kwa jicho la pembeni. Masikio yangu yamesomea huko.

Safari hii nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mmombasa wa Kibokoni anayeendesha lori. Kwake yeye mtambo wa muziki ni sabufa: sanduku la besi, spika mbili pembeni, rimoti, na taa zinazochezacheza. Nilimchukua makusudi. Mtu asiyejua bei ya kitu humdanganyi kwa bei.

Chini kuna kumbi za meza na vibanda, kelele kama za Kariakoo, kwa hiyo hakuna cha maana unachoweza kusikia, tulipita haraka. Kusikiliza ni ghorofani, kwenye vyumba vinavyofungwa mlango. Unaingia, unakaa, huongei. Shemeji alinong'ona, "Hapa ni muziki ama ni matanga?"

Tatizo la vyumba vile ni nyimbo. Ukishatembelea kadhaa unaanza kuzikuta zile zile: mwanamke anaimba jazi taratibu, mdomo umegusa kipaza, nyuma yake kuna kinanda na fidla kubwa inayodonolewa, basi. Rekodi ya namna hiyo karibu kila spika huipendezesha, hata ya elfu chache. Hakuna vyombo vinavyogombania nafasi, na hakuna kitu kinachoanza ghafla. Ndiyo maana mimi huomba taarab. Siku hizi vyumba vingi vinatumia Qobuz au Tidal, huduma za muziki wa mtandaoni, na taarab ya Unguja ya okestra nzima imo humo, ukimwandikia mtu jina kwenye karatasi anaipata. Taarab haina huruma na spika. Kanuni, kile kinubi cha kulazwa, ina nyuzi za sabini na ushee zinazodonolewa kwa kucha za kuvalia vidoleni. Kila donoo inaanza kwa ncha kali na inaisha taratibu. Juu yake kuna fidla kadhaa zinazopiga sauti moja lakini kila mpigaji na mkono wake, chini kuna ngoma ya dumbak na tari ya rika, na akodiani imejaa katikati. Spika isiyojua kutenganisha, vyote hivyo vinageuka uji.

Wenye vyumba walipokea ombi langu kila mmoja kivyake. Mmoja alisema ratiba imejaa, na kweli alikuwa na karatasi ya ratiba. Mwingine aliipiga dakika moja, akaishusha sauti kidogo kidogo kama anayemtoa mgeni mlangoni. Yule wa spika ndogo aliiacha mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hii kinubi gani?" Nikamweleza kanuni kwa Kijerumani changu cha mafundi.

Kulikuwa na chumba kimoja kikubwa, jina la kampuni naliacha, ambacho watu walipanga foleni nje. Spika zimesimama kupita kimo changu, amplifaya ziko sakafuni kama injini za boti. Bei, nilipoigeuza kuwa shilingi, inatosha kujenga Kigamboni na uzio juu. Tulikaa mstari wa tatu. Ngoma ilipoingia nilihisi kiti kinatikisika, na shemeji akanipiga kiwiko kwa furaha. Lakini sikiliza vizuri: kila noti ya chini ilikuwa noti ile ile. Mpigaji alikuwa anashuka ngazi, vidole vinatembea, na chumba kinajibu "vuuum, vuuum" pale pale alipoanzia.

Hilo si kosa la spika peke yake. Wimbi la sauti la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita nane na nusu. Chumba kinachokaribia kipimo hicho, au nusu yake, hulidaka na kulirudisha, likajazana mahali pengine na kufutika mahali pengine. Mle ndani kuna vioo vingi na kuta nyepesi, na wenye vyumba wanakuja na mapazia, mazulia na mbao za kunyonya sauti, lakini pazia halizuii hezi 40. Niliinuka nikaenda kusimama nyuma karibu na mlango: besi ikawa ya kutisha zaidi. Nikasogea hatua mbili upande: ikapotea. Mtu aliyekaa kiti cha kati mstari wa kwanza huenda alisikia mtambo mzuri kabisa. Sisi wengine tulisikia jengo.

Waliokaa Mji Mkongwe au Kibokoni wataelewa haraka. Nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana ulitegemea urefu wa boriti ya mkoko, ambao ni mita mbili na nusu hadi tatu. Chumba chenye upana wa mita 2.8 kinang'ang'ania hezi 61 hivi. Weka sabufa humo, besi ya kila wimbo itakuwa moja, na utailaumu sabufa bure. Nilipomwambia shemeji hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ile sabufa niliyomuuzia mjomba haikuwa mbovu." Aliiuza kwa hasara, masikini.

Chumba kilichotufurahisha sote wawili kilikuwa cha spika za honi. Honi tunazijua: za msikitini, za mikutano, za gari la matangazo ya mnada. Tunazidharau kwa sababu zimezoeleka kupaza tu, na fundi akizidisha zinakata masikio. Kumbe honi ikikuzwa na kuchongwa vizuri ni kitu kingine. Siri yake ni kwamba haihitaji nguvu. Spika ndogo nilizozisifu hapo juu hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 83 hivi kwa wati moja, ukipima kutoka mita moja. Honi nzuri inapita 100. Tofauti ya desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo kile ambacho honi ya desibeli 104 inatoa kwa wati moja, ile ndogo ingehitaji wati kama 125, na ingeungua kabla ya kufika huko. Ndiyo maana nyuma ya honi unakuta amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani, yenye wati nane, mara nyingi ya 300B, valvu ambayo Western Electric ya Marekani iliitoa mwaka 1938 na bado inatengenezwa.

Kanuni kwenye honi zile, jamani. Sijawahi kuisikia hivyo nje ya kukaa karibu na mpigaji. Ncha ya kucha, uzi, kisha mbao ikiitikia. Dumbak lilikuwa na ngozi. Ukiniuliza kasoro, ninayo: mwimbaji alikuwa mkubwa mno, uso wake umejaa ukuta, na fidla zilipopanda pamoja kulikuwa na ukali ambao saa nzima ningechoka nao. Shemeji hakuona kasoro. Alikuwa anatikisa bega.

Nilivyokuwa mle nilikumbuka mwaka mmoja kabla ya korona, jengo hilo hilo, Wakorea wa Silbatone walipoleta spika za Western Electric za kumbi za sinema, za zama zile filamu zilipoanza kusema. Mafundi wa Western Electric ndio waliofanya kurekodi kwa umeme kuwe kitu cha kibiashara, mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alikuwa anapiga kelele ndani ya pembe na sindano inachora nta. Miaka mitatu baadaye Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri zake za kwanza. Nikiwa nimekaa mbele ya yale madude nilitamani mtu angekuwa na santuri moja ya bibi yule kwenye sanduku lake. Hakuna aliyekuwa nayo. Walipiga mwimbaji wa kike wa Ulaya wa zamani, sauti imesongwa na mikwaruzo, na bado nywele zilinisimama.

Kwenye nyaya nitakuwa mfupi, maana hapo ni kazini kwangu. Kuna meza zinauza waya wa spika wa mita tatu kwa maelfu ya Euro, umelala ndani ya sanduku la mbao lenye mahameli. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, huu huu tunaotandaza kwenye soketi, una ukinzani wa milioomu 7 kwa mita. Mita tatu kwenda na tatu kurudi, jumla milioomu 42 hivi. Spika ni omu nane, yaani milioomu elfu nane. Piga hesabu mwenyewe. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nimeshawahi kusikiliza kwa makini. Nikamwambia mimi ni fundi umeme, akageukia mteja mwingine.

Jioni shemeji akaona sasa ni zamu yake. Tulikuwa kwenye chumba cha vijana wawili wenye spika zilizofungwa amplifaya ndani kwa ndani, besi inarekebishwa kwa kompyuta kulingana na chumba. Akaomba singeli. Nilitegemea waulize ni nini. Mmoja wao akatabasamu, akasema amewahi kuisikia klabuni, akaitafuta mwenyewe.

Singeli inakwenda mapigo 200 kwa dakika na kuzidi. Pigo likichelewa kunyamaza linalikuta jingine limeshafika, na hapo ndipo spika nyingi kubwa huumbuka, kwa sababu tundu la kutolea besi huendelea kuvuma pigo likiwa limeshapita. Hizi hazikuvuma. Kila pigo lilikatika lilipokatwa, MC anamwaga maneno juu yake na ningeweza kuyaandika. Wazee watatu walikuwa mstari wa mbele. Wawili waliondoka kwa heshima. Wa tatu alitoa kijitabu, akaniomba nimwandikie jina la muziki, akaniuliza kama kwetu watu wanaucheza kwa kasi hiyo hiyo au wanaupunguza.

Shemeji alizunguka nyuma ya spika, akainama, akachungulia upande mmoja na wa pili.

"Hizi sawa, shemeji. Hizi ningenunua. Lakini yakhe, taa ziko wapi?"