Mama Naye Hasikii Vizuri

Kwetu kila mtu anajua baba hasikii vizuri. Runinga yake inasikika hadi nje. Ukimwambia "nimefika" anakuuliza umeshika nini, na ukirudia anasema siku hizi watu wananong'ona. Kuhusu mama hakuna aliyewahi kusema neno. Wiki hii wamepimwa wote wawili, na majibu yamekuwa yale yale: upungufu mdogo wa usikivu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, maana yake sauti haianzi kusikika mpaka ukubwa wake ufike kati ya desibeli 20 na 35.

Majibu huja na mchoro unaoonyesha sauti zipi mtu anazisikia. Mchoro wa baba unakwenda vizuri kwenye sauti nzito, halafu unaporomoka kwenye sauti nyembamba, kuanzia hezi 3000 hivi. Huko ndiko ziliko s, f na sh, kwa hiyo anasikia kwamba umeongea ila maneno yanamponyoka. Wanaume wengi huwa hivyo. Tulizoea kulaumu mashine za kazini, na kelele kweli huua seli zenye vinyweleo vidogo ndani kabisa ya sikio, ambazo hazioti tena. Lakini utafiti wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, uliwaweka kando watu walioharibiwa masikio na kelele, na bado usikivu wa wanaume ulishuka kwa kasi zaidi ya mara mbili ya wanawake. Homoni ya estrojeni inadhaniwa kuwalinda wanawake kwa miaka mingi, kinga inayopungua hedhi inapokoma.

Mchoro wa mama unateremka taratibu, na hata sauti nzito zimepungua kidogo. Hilo nalo huonekana kwa wanawake wakiwa wazee.

Kinachoniuma ni jinsi alivyojificha bila sisi kujua. Nimemtazama tukiwa mezani: anachagua kiti kinachomwezesha kuona nyuso za wote, macho yake hayabanduki midomoni mwa anayezungumza, na wajukuu wakicheka naye anacheka, kisha ananigeukia na kuniuliza polepole wamesema nini. Jioni anasema kichwa kinamuuma, anakwenda kulala mapema. Sisi tukasema ni umri. Kumbe amefanya kazi ngumu mchana kutwa, kazi ya kuunganisha vipande vya maneno ili asimsumbue mtu.

Baba alipoanza kupandisha sauti ya runinga, familia nzima ilikaa kikao. Mama, kwa kuwa hakumsumbua yeyote, hakuitiwa kikao. Naona hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, kuliko hata kwenye ile michoro.

Nilipomuuliza kama angependa kujaribu vifaa vya kusikia, alisema tuanze na baba, yeye atasubiri. Nimemkatalia. Miadi inayofuata nimeandikisha jina lake kwanza.