Nilivyoivuka baridi ya Ufini na watoto wawili bila kuwafungia ndani

Shangazi wa wanangu anaishi Muscat, ambako baridi yote anayoijua inatoka kwenye AC ya sebuleni. Lakini kwenye grupu la familia yeye ndiye mtaalamu wetu wa theluji. Tangu ilipoanguka ya kwanza hapa Vantaa, mji wa jirani na Helsinki, sauti zake zilikuwa zinaingia kabla sijamaliza chai: watoto wasitoke nje, wavalishwe masweta matatu, madirisha yazibwe kwa mataulo, na ikibidi wakae kitandani mpaka Machi. Binamu yangu mmoja akachangia kwamba jiko la mkaa likiwekwa sebuleni usiku linasaidia sana. Huyo sikumchelewesha. Hewa ya mkaa kwenye nyumba iliyofungwa inaua watu usingizini, na misiba ya namna hiyo tunaisikia nyumbani msimu wa baridi. Hapo sikutania na mtu.

Mke wangu ni nesi, anaingia zamu. Msimu ule wa kuingia 2024 mimi ndiye niliyebaki na watoto, kwa sababu huku sheria ya tangu Agosti 2022 inampa kila mzazi fungu lake la siku 160 za likizo yenye malipo, baba sawa na mama. Rafiki zangu wa Dar waliposikia, jina likapatikana siku hiyohiyo: beki tatu wa Ulaya, yaani dada wa kazi. Sawa. Beki tatu huyu alikabidhiwa mkubwa wa miaka mitatu ambaye kazi yake ni kukataa, na mdogo wa miezi tisa ambaye kazi yake ni kulia mkubwa akikataa.

Mwanzoni tulimpa shangazi nafasi yake, tukakaa ndani. Desemba hapa jua linachomoza ikikaribia saa tatu na nusu asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Ukishinda ndani taa zikiwa zimewashwa, mtoto hajui asubuhi ni ipi na usiku ni upi. Mkubwa akaanza kudai uji saa nane za usiku. Mchana alikuwa anapanda kochi, anaruka, anapanda, anaruka, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa fagio. Usingizi wa mdogo ukawa wa vipande vipande. Ngozi zikapauka, maana hewa ya ndani msimu huu ni kavu mno, ukigusa kitasa unapigwa shoti.

Lakini siku ya masweta matatu ndiyo ninayopenda kuisimulia. Yote matatu yalikwenda ndani ya haalari, ile ovaroli nene ya kipande kimoja ambayo watoto wote wa huku huvaa. Zipu niliifunga kwa msaada wa goti. Mtoto akasimama mlangoni mikono imetanuka kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Soksi jozi mbili, buti nikaisukuma mpaka ikaingia. Tulipofika kwenye bembea akaanguka chali, na kwa kuwa kiwiko hakikunji wala goti halikunji, akabaki palepale anatazama mawingu, anasema kwa upole kabisa, "Baba, niinue." Muda si muda analia vidole vya miguu. Buti iliyobana haina hewa ndani, na hewa ndiyo inayotunza joto. Ile soksi ya pili ya shangazi ndiyo iliyokuwa inamgandisha. Nikaingiza mkono mgongoni, nikakuta jasho tupu, na jasho likipoa ndiyo baridi yenyewe. Nilirekodi kila kitu nikatuma Muscat. Jibu likarudi: "Hukumvalisha kofia vizuri."

Aliyenisaidia ni Mkongo mmoja niliyekutana naye kwenye chekechea ya wazi, zile ambazo mzazi unaingia na mtoto wako bila malipo, anacheza, wewe unapumua. Ameshalea wanne hapahapa. Aliwatazama wangu, akacheka, akaniambia, "Ndugu, batoto batoke inje kila siku, ata kuko baridi namna gani. Njo batalala."

Wakalala kweli. Siri ya mavazi ni sufu nyembamba inayogusa ngozi, wala si pamba, kwa sababu pamba ikishalowa jasho haikauki mwilini. Juu yake flisi, lile sweta la manyoya laini, kama baridi ni kali, kisha haalari, basi. Soksi moja ya sufu, na buti yenye nafasi ya kidole kimoja mbele. Joto la mtoto pima nyuma ya shingo, chini ya kola. Viganja vinaweza kuwa vya baridi na mwenyewe yuko salama salimini. Mafuta ya nazi aliyotuma mama kutoka Tanga yaliganda ndani ya chupa, nikawa nayaweka juu ya hita ya ukutani kwanza ndipo yamiminike.

Haalari jipya linafika euro mia na ushee. Mimi nimekulia kwenye marobota ya mitumba, huwezi kunipata hapo. Huku kuna maduka ambayo watu hukodi meza, wanaandika bei zao, wanaacha nguo za watoto zinajiuza. Nililipata zuri kwa ishirini na kitu. Angalia magoti, angalia makalio, vuta zipu juu na chini, halafu angalia kama ile mikanda ya mpira inayopita chini ya buti bado ipo. Bila mikanda hiyo theluji itaingia mguuni, na utaisikia nyumba nzima. Na usisahau viakisi mwanga vya kuning'iniza kwenye nguo; mtembea kwa miguu gizani anatakiwa kuwa navyo kisheria, na giza la saa kumi jioni halina mchezo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakuna mtu aliyenifundisha. Kazi ya baridi ya huku haiko nje, iko koridoni, mlangoni. Unamvalisha mkubwa, mdogo anatambaa kwenda kutafuna kiatu. Unamvalisha mdogo, mkubwa ameshavua. Wote wako tayari, wewe umebaki na kaptula. Umevaa sasa, jasho linatiririka, na mkubwa anatangaza: "Baba, kojo."

Tulikuwa tumekwenda kuona magari ya zimamoto. Pale walionyesha suruali za askari zikiwa zimesimama zenyewe sakafuni, zimekunjwa na kuzungushwa kwenye buti. Askari anatumbukiza miguu, anavuta juu, amekwenda. Mkubwa alizitazama suruali kuliko alivyolitazama gari. Usiku ule, nyumba imetulia, nikakaa koridoni na haalari lake. Nikapitisha mikanda chini ya buti tupu, nikalikunja haalari lote mpaka chini, buti zikabaki zimefungua midomo tu, nikaziegemeza ukutani. Asubuhi nikapiga king'ora kwa mdomo: "Wiu wiu wiu! Moto sokoni!" Mtoto ambaye siku zote namfukuza nyumba nzima akaja mbio mwenyewe, akatumbukiza mguu.

Ukakwama. Soksi ya sufu na kitambaa cha ndani ya buti vinashikana, kisigino hakishuki. Nikaangaza macho jikoni, nikaona mfuko wa plastiki wa mkate. Nikaukata kitako ukawa bomba wazi pande zote mbili, nikauvisha kwenye soksi kuanzia kisigino. Mguu ukateleza ndani, churuu. Halafu, na hapa ndipo ninapotaka sifa zangu, kwa kuwa mfuko hauna kitako, unaushika kwa juu unauvuta unatoka, mguu unabaki ndani. Mke wangu aliporudi zamuni nilimwonyesha kabla hajavua koti. Akasema ni vizuri, akauliza mkate uko wapi.

Tangu hapo korido ni kituo. Sheria ya kituo ni kwamba askari hapandi gari bila kukojoa, na sheria hiyo, kwa kuwa si ya baba bali ya kituo, haipingwi. Mimi navaa kwanza kila kitu isipokuwa koti na kofia, askari anafuata, na mdogo wa mwisho kabisa. Zipu yake ikifika juu tumeshatoka. Mlango wa ngazini nauacha wazi muda wote, kule kuna ubaridi kidogo, hatutoki jasho. Mama mmoja mzee wa mlango wa pili, ambaye miaka yote hatukuwahi kuzidisha salamu, siku hizi akisikia king'ora anafungua mlango na kuuliza leo moto uko wapi.

Usingizi wa mchana wa mdogo ukawa vita vyangu na mama mkwe. Huku watoto wachanga hulazwa nje kwenye kigari, kwenye balkoni au uani, na nesi wa neuvola, yaani kliniki ya mama na mtoto, alituambia mpaka digrii hasi 10 hakuna shida mtoto akivaa vizuri. Begi la kulalia tulilipata kwenye lile sanduku la serikali la kina mama, lililoanza kutolewa mwaka 1938. Wengine badala yake huchukua pesa, euro 170. Kwa mtoto wa kwanza naona sanduku lina faida zaidi. Basi, mama mkwe akapiga simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Amelala, mama."

"Nionyeshe."

Nikageuza kamera kwenye kioo cha balkoni. Theluji juu ya ukingo, kigari katikati. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Mama yake anajua?"

Nikatoka na simu, nikaonyesha kipimajoto, nikaingiza mkono ndani ya begi nyuma ya shingo, nikamwambia ni moto kabisa. Akasema ataongea na mwanawe. Waliongea kwa muda mrefu, na mimi nilipata shughuli nyingine jikoni. Lakini mtoto aliyekuwa analala vipande vya dakika ishirini alikuwa anapiga saa mbili na zaidi kule nje, na huo ndio muda niliopikia, nikakunja nguo, nikanywa chai ikiwa bado ya moto. Siku hizi mama mkwe akipiga anaanza na, "Balkoni leo digrii ngapi?"

Januari ile ilikuwa na siku za hatari kweli. Tarehe 5 huko kaskazini, Enontekiö, ilipimwa hasi 44.3. Sisi kusini tulikuwa kwenye hasi ishirini na kitu, na hapo mdogo alilala ndani, wengine tukatoka dakika chache tu, shali zimefunika pua. Sasa, mimi ndiye niliyeshauriwa kuchukua mkataba wa umeme wa bei ya soko, inayobadilika saa kwa saa. Siku nyingi unalipa senti chache. Ijumaa ile ya tarehe 5 jioni ilipita euro 2 kwa uniti moja. Joto la nyumba haliko kwenye bili yetu ya umeme, linakuja kwa mabomba ya maji moto ya mji, kwa hiyo hatukuganda, lakini mashine ya kufua na oveni nilizitazama kwa macho tu. Tukala mkate na siagi ya karanga. Sufu nilizitundika balkoni usiku. Sufu haihitaji kufuliwa kila mara, ukiitundika kwenye baridi kavu harufu inatoka. Glavu na soli za ndani za buti nilizipanga chini bafuni, kwa kuwa sakafu ya bafu ina joto, na asubuhi zilikuwa kavu. Nguo zilizofuliwa anika chumbani mnakolala. Hewa inapata unyevu, na pua za watoto zinaacha kutoka damu.

Matone ya vitamini D ni kila siku, hiyo hata sibishani na mtu. Miezi hii jua la hapa halitengenezi kitu kwenye ngozi ya yeyote, sembuse yetu.

Ijumaa ni zamu yetu ya sauna ya jengo, yaani chumba cha joto na mvuke. Watoto wanakaa benchi la chini kabisa, mdogo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, muda mfupi tu. Mkubwa humwagia mawe maji kwa kikombe kidogo na kusema, "Hii Tanga." Siku ambazo koridoni kila kitu kimeshindikana tunapanda basi, mzazi mwenye mtoto kwenye kigari halipi nauli katika eneo la Helsinki, kwa hiyo tunazunguka bure kwenye joto, tunashuka maktaba ya Tikkurila, tunarudi.

Ikifika Aprili theluji ni tope, na watu wanazileta nguo za baridi sokoni kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo pa kununulia. Haalari la msimu unaofuata nililipata wakati huo, saizi 110 ingawa mwenyewe alikuwa bado hajaijaza 104, kwa euro kumi na kitu. Zipu moja ilikuwa inakwama, nikaisugua kwa mshumaa.