Nilivyomaliza tatizo la barua pepe zinazorudi ofisini kwetu Mbeya

Kila barua pepe ya ofisi iliporudi, ushauri ulikuwa ule ule: badilisheni paswedi, zimeni kompyuta mwashe, sakinisheni Outlook upya. Ushauri huu unaniudhi, kwa sababu ujumbe uliorudi huwa umeshasema tatizo liko wapi, kwa namba, na mara nyingi umemtaja hadi aliyekataa. Sisi tunasafirisha mizigo. Nyaraka zikikwama kwenye seva, lori linalala Tunduma na dereva anapiga simu kila nusu saa.

Kwa hiyo nilianza na watu kabla ya mitambo. Dada wa nyaraka alizoea kuniandikia WhatsApp, "Kaka, mail zimekufa tena," na picha iliyokatwa katikati. Nikawa namjibu hivi hivi kila mara: "Dada, shuka mpaka chini kabisa penye namba, unitumie mzima mzima." Siku hizi ananisomea namba mwenyewe kabla sijauliza.

Tarakimu ya kwanza ya namba hiyo ikiwa 4, seva ya upande wa pili imesema jaribu baadaye. Usiguse kitu. Postfix, programu ya kutuma barua kwenye seva yetu, itaendelea kujaribu yenyewe hadi siku 5 kabla ya kukata tamaa, na ukimlazimisha mtu atume upya mara kumi, mteja atakuja kupokea nakala kumi. Ikiwa 5, imekataliwa na haitajaribiwa tena. Kundi la namba zenye nukta ndilo linalosema kwa nini: 5.1 ni anwani, 5.2 ni sanduku la mpokeaji, 5.3 ni mfumo wenyewe, 5.4 ni njia, 5.7 ni usalama na sera. Hiyo 5.1.1 kwetu karibu siku zote ni herufi iliyokosewa zamani ambayo Outlook imeikariri, na inaipendekeza kila mtu akianza kuandika jina. Bonyeza alama ya X pembeni ya pendekezo, liondoke, uandike anwani upya.

Kuna neno moja dogo ambalo wengi hulipita. Ujumbe au logi (kumbukumbu za seva) ikisema "host fulani said:", basi tulifika na tukakataliwa mlangoni. Sababu iko baada ya neno hilo. Ikisema "connect to ... timed out", hatukufika kabisa. Hapo kuhangaika na paswedi ni kupoteza asubuhi, maana tatizo ni mtandao, au poti 25 (mlango wa seva kutumiana barua) imefungwa. Kompyuta za wafanyakazi zisitumie 25 hata siku moja. Zitumie 587 au 465 kutuma, na 993 kupokea.

Sasa hilo la paswedi. Kuna kipindi mtaalamu mmoja aliwaambia wakubwa kwamba barua zinarudi kwa sababu tumeingiliwa, hivyo paswedi za watu wote zibadilishwe siku moja. Zikabadilishwa. Kompyuta zikawekewa paswedi mpya, simu zikasahaulika. Kila simu ya mfanyakazi iliyokuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi ikaendelea kubisha hodi kwenye seva na paswedi ya zamani, kimya kimya, mfukoni. Seva yetu ya kukodi ina Fail2ban, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida ikiona makosa 5 ndani ya dakika 10 kutoka anwani moja ya IP (namba ya mtandao), inaifungia anwani hiyo dakika 10. Ofisi nzima inatoka nje kwa IP moja. Simu ya mtu mmoja ikikosea, wote tunafungiwa. Dakika 10 zikiisha tunafunguliwa, simu zinakosea tena, tunafungiwa tena. Barua zinapatikana, zinapotea, zinapatikana. Hapo ndipo ukasikia kwamba mafundi wa nyaya wameharibu kitu darini.

Jibu lilipatikana bila kugusa seva. Chukua simu yenye paswedi sahihi, zima Wi-Fi, washa data ya laini. Barua zikifunguka palepale, rudisha Wi-Fi. Zikikwama tena, jua seva ni nzima na ni IP ya ofisi iliyofungiwa. Kipimo hiki hakichukui muda wala hela, na kinamaliza ubishi. Baada ya hapo niliingia kwenye seva, nikaandika fail2ban-client status dovecot (dovecot ndiyo programu ya kupokea barua), na IP yetu ikawa imekaa kwenye orodha ya waliofungiwa. Nikaitoa kwa fail2ban-client set dovecot unbanip na namba ya IP. Angalia na postfix-sasl pia, maana kifungo cha kutuma ni tofauti na cha kupokea. Halafu nikapita meza kwa meza na simu moja moja. Kama ofisi yako ina IP isiyobadilika, iweke kwenye ignoreip, orodha ya zisizofungiwa. Kama inabadilikabadilika, usiiweke, kesho itakuwa ya mtu mwingine.

Na barua za kwenda Gmail zikaendelea kurudi kama kawaida, kwa sababu paswedi haikuhusika tangu mwanzo. Logi ilikuwa inasema 550-5.7.26, yaani mtumaji hajathibitishwa. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila anayetuma awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeini yako, yaani kilichopo baada ya @) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) inayopita. Wanaotuma zaidi ya barua 5000 kwa siku wanatakiwa kuwa na zote mbili pamoja na DMARC (sera ya nini kifanyike barua isipothibitika). Wateja wa domeini nyingine walikuwa wanapokea vizuri, ndiyo maana watu walishikilia kwamba Gmail ndiyo mbovu.

SPF tulikuwa nayo. Tulikuwa nazo mbili, na hapo ndipo pabaya. Tovuti ilipohamishwa, huduma kwa wateja ya upande huo walituma mstari unaoanza na v=spf1 wakasema uongezwe kwenye DNS (rekodi za umma za domeini). Ukaongezwa chini ya ule wa zamani. Kila mstari ni sahihi ukiwa peke yake, lakini domeini ikiwa na rekodi mbili zinazoanza na v=spf1, mpokeaji hachagui: anahesabu ni kosa la kudumu na SPF yote inaanguka. Dawa ni kuziunganisha ziwe moja, kwa mfano: v=spf1 ip4:192.0.2.15 include:spf.mtoahuduma.example ~all. Yaani v=spf1 moja mwanzoni, ~all moja mwishoni, vingine katikati. Hesabu na include, a na mx, maneno yanayomtuma mpokeaji akaulize DNS tena: vyote pamoja, hata vile vilivyomo ndani ya include, visizidi maulizo 10 ya DNS. Ukizidisha, unarudi kwenye kosa lile lile. Mistari ya ip4 haihesabiwi, kwa hiyo mimi niliondoa a na mx zilizokuwa zinarudia IP ile ile.

Kabla ya kubadilisha, shusha TTL (sekunde ambazo rekodi inakaririwa) iwe 300. Kwetu ilikuwa 14400, saa 4 nzima za kusubiri rekodi ya zamani ife. Kisha hakiki rekodi za maandishi (TXT) kwa amri ya dig +short TXT domeini-yako @8.8.8.8. Mstari wa v=spf1 uonekane mmoja tu; TXT nyingine za uthibitisho ziache.

Nikaweka na DKIM kwa ufunguo wa biti 2048. Ufunguo huo unazidi herufi 255 ambazo kipande kimoja cha TXT kinaruhusu, kwa hiyo lazima ukatwe vipande viwili, kila kimoja kwenye alama zake za kunukuu. Paneli nyingine zinaukata mkia bila kusema neno. Amri ya opendkim-testkey ndiyo itakayokwambia. Ikiandika "key not secure" lakini mwisho ikaandika "key OK", endelea na kazi. Hiyo ya kwanza inahusu DNSSEC, ulinzi wa DNS yenyewe.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. 5.3.4 ni ukubwa: Postfix isipobadilishwa inaishia baiti 10240000, na kiambatisho kikisafirishwa kinanenepa kwa zaidi ya theluthi, ndiyo maana skani ya MB 8 inagoma. Nilipandisha message_size_limit hadi 26214400, na nikaomba skani za nyaraka zipigwe kwa dpi 200 nyeusi na nyeupe.

Na kompyuta ikilalamika kwamba cheti cha seva hakijaanza kutumika au kimeisha muda, wakati simu za watu zinafungua vizuri, tazama saa kwenye kona ya chini kulia. Umeme ukikatika na betri ya ubao mkuu imekufa, tarehe inarudi nyuma miaka. Betri ni CR2032, Mwanjelwa unaipata kwa elfu chache tu. Ibadilishe, weka tarehe sahihi, kanda ya saa iwe UTC+3, halafu washa saa ijirekebishe kwa intaneti.