Majumba ya maigizo niliyoyapenda, kuanzia Drottningholm hadi Mnazi Mmoja

Mtu akijua kwamba napenda maigizo, na kwamba nimekula miaka kadhaa kwenye meli za watalii nikitandika vitanda vya wageni, swali huwa lile lile: katika majumba yote uliyoyaona huko, lipi lilikukaa zaidi? Wengi hudhani nitataja London. London itafika zamu yake. Lililonikaa ni Drottningholm, nje kidogo ya Stockholm kule Sweden, na naomba nilieleze bila haraka, kwa sababu naamini mtu wa Mombasa ataliona kwa jicho ambalo wageni wengi hawana.

Kwa nje halitishi. Ni nyumba ya rangi ya manjano iliyofifia, kando ya kasri la kifalme, iliyojengwa mwaka 1766 kwa ajili ya Malkia Lovisa Ulrika. Ukiingia ndani unaona nguzo za marumaru, kisha ukisogea karibu unagundua ni mbao zilizopakwa rangi kwa ustadi. Mapambo mengine ni karatasi iliyofinyangwa. Fedha hazikutosha kununua marumaru yenyewe, basi mafundi wakaitengeneza kwa brashi. Hakuna mitambo ya kupasha joto, kwa hiyo maonyesho ni ya kiangazi tu.

Utajiri wa nyumba ile uko chini na juu ya jukwaa, na ni wa kamba. Kule chini kuna gurudumu kubwa la mbao lenye mikono, na watu wanaosimama kulizunguka na kulisukuma. Kamba zinapita kwenye roda, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, zinashika kila kipande cha mandhari, yaani picha za kuonyesha mahali, kushoto na kulia, na gurudumu likizunguka, vipande vyote vinaondoka pamoja na vingine vinaingia. Nilikata tiketi ya bei ya chini, kiti cha pembeni, nikakaa kutazama opera ambayo sikuelewa hata neno moja. Kisha, pazia likiwa wazi, msitu ukaondoka mbele ya macho yetu na ukumbi wa kifalme ukaingia, kwa sekunde chache, na mbao zikatoa mlio.

Mlio ule naujua. Marehemu baba alikuwa baharia wa jahazi, akienda Lamu kuchukua boriti, na nikiwa mdogo nilikuwa naachwa nikae chomboni jahazi likifunga Bandari ya Kale. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ikivutwa na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikapanda mlingotini, roda ya mbao hulia hivyo hivyo: kwanza inagoma, halafu inalainika kadiri uzito unavyokubali. Nilipotoka nje ya jumba lile la Sweden nilikaa kwenye nyasi nikataja majina ya kamba zote za jahazi nilizozikumbuka, moja moja, mpaka boti ya kurudi mjini ikafika.

Wala si mimi peke yangu niliyeoanisha bahari na jukwaa. Husimuliwa Ulaya kwamba mabaharia wasio na safari waliajiriwa majumbani humo kuvuta kamba, kwa kuwa walijua mafundo, na kwamba waliashiriana kwa mluzi kama walivyozoea melini. Ndiyo maana waigizaji wengi wa Uingereza mpaka leo hawataki kabisa mtu apige mluzi nyuma ya jukwaa: asije akashushiwa mandhari kichwani. Kwetu bibi alikataza mluzi usiku kwa sababu nyingine kabisa, lakini katazo lilinifanya nijione niko nyumbani.

Kisa cha namna jumba lile la Drottningholm lilivyookoka nakipenda kuliko lolote. Mfalme Gustav III, mpenzi mkubwa wa maigizo, alipigwa risasi mwaka 1792 akafa, na baada yake jumba likaachwa. Likawa stoo. Mwaka 1921 mtaalamu mmoja, Agne Beijer, aliingia akitafuta picha fulani ya kuchorwa, akakuta jukwaa zima, mitambo na mandhari ya kale, vyote viko pale chini ya vumbi. Kamba zilizochakaa zikabadilishwa, taa za umeme zikaingizwa, na mwaka 1922 watu wakaketi tena. Radi yao ni kasha la mbao lenye mawe ndani, linainamishwa huku na huku. Bahari yao ni magogo yaliyochongwa mzunguko na kupakwa rangi ya maji, yanazungushwa kwa mkono. Jumba lilipona kwa kusahauliwa, ndiyo, lakini linaishi kwa sababu wapo watu wanaojua kufunga kamba hizo.

Sasa London. Globe, jumba la maigizo lililopo leo kando ya mto Thames, si ile ya Shakespeare. Ile ilijengwa 1599 na ikateketea tarehe 29 Juni 1613, mzinga ulipofyatuliwa katikati ya mchezo wa Henry VIII na cheche zikaangukia paa la nyasi. Barua ya wakati ule inasema watu walinusurika, ila mmoja suruali yake ilishika moto akaizima kwa chupa ya pombe. Walijenga nyingine mwaka uliofuata, na Bunge likafunga majumba yote ya maigizo mwaka 1642. Hii ya sasa ni ndoto ya mwigizaji wa Kimarekani, Sam Wanamaker, aliyehangaika nayo miaka mingi akafariki 1993, kabla haijafunguliwa 1997. Paa lake ni la matete, la kwanza la aina hiyo kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666, na limetegwa mabomba ya maji. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa sababu. Makuti yakishika moto, unaokoa watu, paa unalisamehe.

Kilichonivuta pale ni kuta. Ni mbao za mwaloni zilizopachikwa kwa vigingi vya mbao, na plasta ya chokaa iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi ili isipasuke. Chokaa! Kwetu Mji wa Kale nyumba za mawe ya matumbawe zilishikwa kwa chokaa kwa karne nyingi, halafu watu wakaanza kuzipaka saruji juu yake, unyevu ukafungiwa ndani, na sasa kuta zinabambuka. London, mji wenye vioo na vyuma kila upande, walirudi kwenye chokaa kwa makusudi ili jumba lisikike kama la zamani. Nilibandika kiganja ukutani mpaka mlinzi akanitazama.

Nilisimama uani, mahali wanaposimama hadi watu 700 chini ya jukwaa, mbingu wazi juu yetu. Tiketi ilikuwa pauni 5. Mvua ilinyesha kidogo, hakuna aliyeondoka. Ukiwa umesimama huwezi kuzama kitini. Mwigizaji anakutazama usoni, anakuuliza wewe, na unajikuta umejibu. Aprili 2012, katika tamasha lililoleta michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, waigizaji kutoka Kenya walisimama kwenye mbao zile wakaigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Sikuwepo siku hiyo, na linaniuma. Lakini niliposimama pale nilijua Kiswahili kimeshapita hapo, kwa sauti ya kutosha, bila kipaza sauti.

Venice, kule Italia, niliona jumba la opera, La Fenice, iliyoungua 1836 na tena 1996, ikafunguliwa upya 2003. Dhahabu kila mahali. Niliiheshimu, nikatoka.

Epidaurus ni habari nyingine. Meli ikitia nanga Nafplio, kule Ugiriki, basi linakupeleka kwenye kilima chenye safu 55 za viti vya mawe, kazi ya karne ya 4 kabla ya Kristo, na inasemwa vinachukua watu kama 14,000. Udongo ulilifunika jumba hilo kwa karne nyingi hadi lilipoanza kufukuliwa mwaka 1881. Waongozaji hupenda kudondosha sarafu katikati ya uwanja wakikwambia aliye juu kabisa ataisikia. Watafiti wa Uholanzi walipima na kutangaza mwaka 2017 kwamba mnong'ono haufiki mbali, ila mwigizaji akitoa sauti yake vizuri, maneno yanaeleweka hadi safu ya mwisho. Wengine walisikitika kuona hadithi ya sarafu imepunguzwa. Mimi nilifurahi. Maana yake ni kwamba jiwe limefanya nusu ya kazi, nusu nyingine ameachiwa mtu mwenye kifua na matamshi. Nilipanda juu, nikakaa, mama mmoja wa makamo akasimama katikati akaimba ubeti wa lugha asiyoijua yeyote kati yetu, na watu waliokuwa wakipiga picha wakaacha.

Afrika yetu nayo ina majumba ya kutajwa. Market Theatre ya Johannesburg ilikuwa soko la matunda la Wahindi, jengo la mwaka 1913. Ilifunguliwa kama jumba la maigizo Juni 1976, mwezi ule ule wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi, ikawakalisha weusi na weupe pamoja wakati sheria haikutaka hivyo. Dada yangu anaishi huko, akanipeleka. Mtu aliyezoea kelele za Markiti, soko letu la Mombasa, anaingia pale na mara moja anaelewa kwa nini wachuuzi na waigizaji wanafaa kukaa nyumba moja: wote wanaishi kwa kumfanya mpita njia asimame.

Oktoba ya mwaka huo huo, 1976, jumba letu la kitaifa Nairobi, lililofunguliwa 1952 enzi za ukoloni, lilipokea mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Ulipewa siku chache tu, baada ya mvutano mrefu, na usiku wa kwanza watazamaji walichanganyika na waigizaji wakaimba na kucheza hadi nje. Jumba lililojengewa wengine lilipata wenyewe usiku ule.

Hapa kwetu Mombasa ninalo jumba la Little Theatre Club, pale Mnazi Mmoja. Halina dhahabu wala magurudumu ya karne ya 18. Lina ukaribu. Mwigizaji akimeza mate unaona koo likipanda na kushuka. Nendeni siku wanapoigiza tamthilia ya mtihani, wanafunzi wamejaa na sare zao: mhusika akifika kwenye maneno maarufu, ukumbi mzima unayasema kabla yake, na mwigizaji mzuri hakasiriki, ananyamaza awaachie wamalize. Huko Uingereza watu hulipa kutafuta hali hiyo. Sisi tunaipata na mfuko wa viazi karai mkononi.

Lakini nina jambo linanikera, na sitataja mahali. Kuna ukumbi wa hapa pwani niliokuwa nikiupenda, jukwaa lake lilikuwa la mbao, zimelainika kwa miguu ya watu wa miaka mingi. Ukakarabatiwa. Mbao zikang'olewa, zikawekwa tailizi zinazong'aa. Sasa mchezaji wa chakacha akikanyaga, sauti inarudi kali na tupu. Mwigizaji akisema kwa upole, maneno yanagongana na ukuta, ikabidi waletewe vipaza sauti, na vipaza sauti vikaleta jenereta, na jenereta inanguruma mlangoni. Waliofanya hivyo walikusudia mema, naamini. Hawakumuuliza fundi wala mwigizaji.

Basi ombi langu kwa yeyote mwenye kamati ya ukumbi, awe Tononoka, Likoni au Lamu: kabla hamjaondoa ubao mmoja, mleteni mwigizaji asimame juu yake aseme mistari kumi, nanyi mkae kiti cha nyuma kabisa. Mbao zikihitaji kubadilishwa, mafundi wa majahazi bado wapo, wanajua kupachika ubao ukakaa. Na wazee mlioona michezo ya zamani hapa mjini, niandikieni: mlikaa wapi, jukwaa lilikuwa la nini, na sauti ilifika?