Toi la mtoto usiliangalie mbele, ligeuze mgongoni

Kila ikikaribia Idi au Krismasi lazima nitumiwe meseji, dada nimnunulie nini mtoto wa mwaka na nusu, na wanategemea nitaje toi fulani la maana, ila mi jibu langu ni lilelile, kabla hujauliza bei ligeuze. Maana ukipita Kariakoo pale mtaa wa Kongo muuzaji anakuwashia, linaimba, linamulika, linazunguka, mtoto mgongoni keshaanza kurusha mikono na wewe ushatoa hela. Hakuna anayeangalia betri inakaa wapi.

Pale ndo pa kuangalia sasa. Kifuniko cha betri kiwe na skrubu, sio kile unasukuma na kidole gumba kinafunguka. Na kama ndani ni zile betri bapa za duara, wengine wanaziita betri za saa, na skrubu haipo, mi narudisha hapohapo hata kama toi linauzwa buku. Zipo kila mahali siku hizi, kwenye rimoti ya gari, mizani ya jikoni, kadi za bethidei zinazoimba, vimishumaa vya plastiki. Ile inayoandikwa CR2032 maana yake upana milimita 20 na unene milimita 3.2, yaani saizi ileile inayokwama kwenye koo la mtoto mdogo. Ikikwama pale kwenye unyevu umeme unaanza kupita, inatengenezeka kemikali kali inayounguza nyama, ndani ya masaa 2 tu mtoto anaweza kuwa kaungua vibaya. Hata ile iliyokwisha, ambayo haiwashi tena kitu, bado ina nguvu ya kuunguza, kwa hiyo ukitoa ya zamani usiiache mezani.

Kibaya zaidi dalili zake zinafanana na mafua ya kawaida, anatoa udenda, anakohoa, anakataa kula, basi unampa dawa ya kikohozi unamlaza. Na sisi tumekua tunaambiwa mwiba wa samaki ukikwama meza tonge la ugali. Kwa betri usijaribu jamani. Usimtapishe, usimlishe chochote, kimbia hospitali yenye eksirei na ukifika sema mlangoni kabisa nahisi mtoto kameza betri, usikae foleni kimya kwa adabu.

Vigololi vya sumaku vile vidogodogo vya kung'aa navyo visiingie ndani kabisa. Akimeza kimoja pengine kitapita, akimeza viwili vinavutana utumbo ukiwa katikati na vinautoboa.

Halafu kuna hii ya 3+ kwenye boksi. Watu wanadhani ni habari ya akili, mtu anakwambia wangu ana miaka miwili lakini mjanja huyo, ataliweza. Jamani ile alama haipimi ujanja, inasema humu kuna vipande vinavyoweza kumkaba. Viwandani wanapima kwa kikopo chenye upana wa milimita karibu 32, kipande kikizama chote humo basi ni hatari kwa wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani tumia lile bomba la katoni linalobaki tishu ya chooni ikiisha, lenyewe ni pana zaidi kidogo kwa hiyo unakuwa upande salama. Kinachopita humo hakifai. Macho ya mdoli yavute kwa nguvu kabla yeye hajayavuta. Puto nalo, ambalo kila bethidei lipo, likipasuka okota vipande vyote maana kile kimpira kinaganda kooni na kukitoa ni shughuli.

Woka, kile kigari cha magurudumu anachowekwa mtoto ambaye hajaanza kutembea, sitaki hata kuizungumzia sana, najua mashoga zangu mtanuna. Canada walipiga marufuku tangu 2004 hata kuuza. Haimuwahishi mtoto kutembea, inachomuwahisha ni kufika kwenye ngazi na kwenye jiko la mkaa kabla hujainuka. Tandika mkeka atambae.

Sasa acheze na nini? Kiukweli toi linaloimba lenyewe, linalotembea lenyewe, linamuachia mtoto kazi gani, anabonyeza tu halafu anaangalia. Mi napenda vitu ambavyo bila yeye haviendi. Nenda kwa mafundi seremala, Keko wapo kibao, omba vile vipande vinavyobaki wakikata mbao, mwambie fundi akupigie msasa mpaka pasiwe na kibanzi, uache bila rangi. Rangi za zamani za njano na nyekundu kali nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hata 2007 kampuni kubwa ya matoi kama Mattel iliyaondoa sokoni matoi mengi sana kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo rangi usiyoijua ya kazi gani. Ila chunga usipewe mbao za paua zilizotiwa dawa, zile zinazokuwa na ukijani, hizo ni sumu na mtoto kila kitu anapeleka mdomoni. Ukipata vipande ishirini hivi vya saizi tofauti umemaliza, atapanga, ataangusha, kesho nyumba, keshokutwa daladala na konda ni yeye.

Unga wa chapati nao, mkatie donge wakati unasukuma zako. Wengine wanaweka chumvi nyingi usiharibike, kwa mdogo usiweke, atakula tu huyo na chumvi nyingi inamdhuru. Vikombe na sufuria kwenye beseni la maji anaweza akamwagamwaga saa nzima, hapo anajifunza kujaa na kupungua kuliko kwenye katuni ya tableti, lakini usiondoke hata kupokea simu, na ukimaliza mwaga maji yote maana hata ya chini ya ndoo yanazamisha mtoto. Kuchambua maharage tunapenda kuwapa, sawa, ila mpe wa miaka minne mitano, mdogo ataingiza puani na harage likilowa huko linavimba.

Wakubwa wa shule wafundisheni mdako. Kishimo, vijiwe, unarusha kimoja juu unavuta vingine, unarudisha unaacha kimoja, halafu viwili, mtoto anatoa na kujumlisha huku anabishana na wenzie nani kaiba. Wacheze nje, na vijiwe wahesabu tena kabla ya kuingia ndani, maana yule wa mkekani anasubiri kimoja tu kidondoke.