Wanawake Hamsini wa Ngomeni

Nyanya alizaliwa, akaolewa na kulea wanawe wote pale Mji wa Kale, Mombasa, lakini ile ngome ya Fort Jesus alikuwa hajapata kuikanyaga. Kwake yeye ile ilikuwa jela. Wakoloni waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958, na ndugu yake wa kiume aliwahi kufungwa humo. Watalii walipokuwa wakipiga foleni langoni kwa furaha, yeye alipita akiangalia upande wa bahari.

Nilipokuwa kidato cha pili, vijana wa mtaani kwetu waliandaa mchezo wa kuigiza vita vya 1696, uchezwe mumo humo ngomeni. Dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuwa miongoni mwao. Kwa ajili yake tu, nyanya alijifunga buibui akakubali kwenda. Tulipopita chini ya lile lango zito alinishika mkono kwa nguvu, na hakuniachia mpaka tulipoketi uwanjani.

Mchezo ulianza kwa kishindo. Jeshi la Imamu Seif bin Sultan wa Oman lilifika mwezi Machi 1696 na kuizingira ngome ambayo Wareno walikuwa wameikalia kwa takriban miaka mia. Vijana walipiga mapipa kwa magogo kuigiza mizinga, sauti ikagonga kuta za matumbawe na kurudi maradufu, watoto wakaziba masikio. Nilifurahi, nikidhani nakijua kisa: Waomani nje, Wareno ndani, basi.

Kumbe ndani Wareno walikuwa wachache mno, askari makumi tu. Wengi waliojificha mle walikuwa watu wa pwani, wake kwa waume, pamoja na watoto wao. Halafu ikaingia tauni. Sehemu hiyo vijana waliicheza bila ngoma wala kelele. Aliyekuwa mlinzi aliketi taratibu, akalala, mwenzake akamfunika shuka, kisha naye akalala. Msimulizi akasema kwamba tarehe 28 Agosti 1697 alikufa kapteni mwenyewe, António Mogo de Mello, na kwamba ngome ilibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Hapo ndipo wasichana walipoinuka. Walikuwa wamekaa pembeni tangu mwanzo, nami nikawadhania ni wapishi tu wa mchezo. Wakapanda kwenye buruji mmoja mmoja, kaniki zimefungwa kiunoni. Dada yangu alibeba jiwe la kweli kwa mikono miwili, limekwaruza ngozi ya mkono hadi kiwiko kikawa cheupe kwa vumbi la chokaa. Akalitua ukingoni, akanyoosha mgongo, akatazama baharini. Hakuwa na neno la kusema katika mchezo mzima, na mpaka leo sijaona mwigizaji aliyenishika moyo namna ile.

Nyuma yetu mzee mmoja akanung'unika kwamba huyo Bwana Daud alikuwa msaliti. Waomani waliitwa na watu wa Mombasa wenyewe, kwa kuchoshwa na dhuluma za Wareno. Na dhuluma hizo zilikuwa za kweli. Nyanya akageuka.

"Na wanao wangekuwa humu ndani, baba, ungefungua lango?"

Mzee hakujibu. Mimi nimelifikiria swali hilo kuliko somo lolote la historia nililofundishwa darasani. Wanawake wale hawakuwa wakimlindia mfalme wa Ureno nchi yake, siamini hivyo. Walikuwa wamefungiwa na vita ambavyo hawakuvianzisha, na ukuta ule ndio uliokuwa kati ya watoto wao na panga. Wakaushika mpaka katikati ya Septemba, msaada ulipofika kwa merikebu.

Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, na vijana walilimaliza hilo haraka, kwa bendera na takbiri. Watu walipiga makofi sana. Nyanya hakupiga. Alikwenda moja kwa moja kwa kijana aliyeongoza mchezo, akapokea shikamoo yake, akamuuliza wale wanawake hamsini waliitwa nani. Kijana akaeleza kwa adabu kwamba Wareno waliandika jina la kapteni wao, lakini wale waliandikwa kwa idadi tu.

"Basi ninyi wapeni," akasema. "Mtu hapandi kule juu bila jina."

Akaanza kuyataja: Mwanaisha, Mishi, Riziki, Mwanamkuu, Time. Yalikuwa majina ya mama yake, shangazi zake na majirani wa Kibokoni. Kijana akatoa kalamu, akamwomba ataje polepole.