Kete Tano Ubaoni

Raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji ilikuwa imekwisha kwenye meza zote isipokuwa moja. Waamuzi walikuwa wanakusanya saa na kurudisha kete mifukoni, na wachezaji wengi walishatoka nje kubishana juu ya michezo yao kwa sauti ambazo mle ndani wasingeruhusiwa. Mimi nilibaki. Mmoja wa wawili waliokuwa bado wanacheza nilikuwa nampenda sana kwa uchezaji wake: kijana wa mashambulizi, mtu wa kutoa farasi kafara bila kupepesa macho. Nilitaka kuona atamalizaje.

Ubaoni zilikuwa zimebaki kete tano. Kijana alicheza weupe, naye alikuwa na mfalme, ngome na askari mmoja. Mpinzani wake, mama mmoja wa makamo aliyekaa ametulia mikono mapajani, alikuwa na mfalme na ngome basi. Kwa kuhesabu kete, weupe alikuwa mbele. Mfalme wake alisimama d5 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), askari wake e5, na ngome yake ilikuwa imeukata mstari wa saba, ikimfungia mfalme mweusi kule e8. Ngome ya yule mama ilikuwa a6. Kila ilipofika zamu yake aliisogeza pembeni kidogo, b6, kisha a6 tena, kisha g6, bila kuutoka mstari ule wa sita. Kijana alikuwa anafikiri kwa muda mrefu. Mama hakufikiri hata kidogo. Hilo ndilo lililonishangaza.

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja niliyezoea kumwona kwenye mashindano. Hakuwa anacheza tena, alikuja kutazama tu. Alinigusa bega akanionyesha mlango kwa kidevu, maana mle ndani hairuhusiwi kunong'ona juu ya mchezo unaoendelea. Kwenye korido alitoa mfukoni ubao mdogo wa sumaku, akapanga kete zile zile tano.

"Umeona nini mle ndani, mwanangu?"

"Weupe ana askari wa ziada, Mzee. Na mfalme wake yuko juu sana."

"Itakuwa sare. Yule mama anaijua nafasi hii. Madamu anaikumbuka, hayupo wa kumshinda."

Nilikuwa nimezoea lugha nyingine ya sataranji. Wakati ule nilisoma ufunguzi, yaani hatua za mwanzo, peke yake, na kwenye ufunguzi watu husema "weupe wako vizuri kidogo" au "nafasi inachezeka". Hakuna mwenye uhakika. Mawazo ya mwaka huu huvunjwa mwaka ujao. Huyu mzee alikuwa anasema kitu kama mtu anayetaja jumla ya pembe za pembetatu. Nikamwomba anionyeshe.

Akaniambia nishike weupe na nijaribu kushinda. Nilimpeleka mfalme kuelekea mstari wa sita, lakini kila mraba wa pale ulikuwa umeshikwa na ngome nyeusi iliyolala kwenye mstari ule. Basi mfalme wangu hapiti. Bila mfalme kusogea, njia pekee ya kwenda mbele ilikuwa kumsukuma askari e6. Nikamsukuma. Hapo ndipo mzee, aliyekuwa hajasogeza ngome yake ila kwa kusubiri tu, aliishusha moja kwa moja kutoka a6 hadi a1, chini kabisa ya ubao.

"Sasa cheza mfalme d6," akasema.

Nikacheza. Akanipa cheki, yaani akamshambulia mfalme wangu, kutoka d1. Nikarudi e5, akanipa cheki kutoka e1. Nikaenda kulia, cheki, kushoto, cheki. Nilitafuta mahali pa kumficha mfalme nikagundua kwamba mahali hapo palikuwepo kabla sijamsukuma askari: e6. Mraba ule ndio ungekuwa kibanda chake, na sasa umekaliwa na askari wangu mwenyewe. Ngome nyeusi ilikaa kwenye mstari wa sita hadi askari alipouziba mraba ule, na dakika ile ile kazi yake pale ikawa imekwisha.

Mzee aliniambia kwamba nafasi ile inaitwa kwa jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya kumi na nane aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, na kwamba aliichapisha mwaka 1777. Nilirudia mwaka ule kichwani. Mama wa mle ndani alikuwa anacheza hatua zilizoandikwa kabla ya treni, kabla ya balbu ya umeme, na bado zinafanya kazi bila kupungua chochote. Katika ufunguzi sikujua kitu cha umri ule ambacho mtu angeweza kukiegemea kwa uzito wake wote.

Tulirudi ndani kimya. Kijana alikuwa bado anatafuta. Alijua kanuni ya hatua hamsini: zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mpinzani anaweza kudai sare, kwa hiyo mwishowe lazima askari asukumwe. Niliona mkono wake ukienda kwenye e5. Moyo ulinidunda, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwangu kusisimka kwenye nafasi isiyo na malkia wala shambulizi. Askari e6. Mama aliinua ngome yake, akaishusha hadi mstari wa kwanza, akabonyeza saa.

Nilijua hatua ile kabla haijachezwa. Sikuikisia. Niliijua, na nilijua sababu yake. Kete tano tu, na kila mraba ulikuwa na maana niliyoweza kuitaja. Katikati ya mchezo, kete zote zikiwa bado zimejaa, hata bingwa huchagua kwa sehemu kwa hisia. Hapa pazia lilikuwa limeondolewa na ungeweza kuona kila kete inafanya nini na kwa nini haiwezi kufanya zaidi.

Cheki tano au sita, wakapeana mikono. Sare.

Tulipotoka tena nilimsihi mzee anionyeshe nyingine. Alifuta ubao akabakiza kete nne. Mfalme mweupe h8, askari mweupe c6. Mfalme mweusi a6, askari mweusi h5. "Weupe aanze, na apate sare," akasema. "Fumbo la mchezaji Réti, 1921."

Niliitazama nikaona haiwezekani, na ningependa msomaji aipange mwenyewe aone vivyo hivyo. Askari mweusi anahitaji hatua nne kufika mwisho wa ubao na kuwa malkia. Mfalme mweupe yuko nyuma yake, kwa hatua mbili kamili amechelewa kumkamata. Askari mweupe naye yuko mbali na mfalme wake, na mfalme mweusi yuko hatua mbili tu kutoka kumla. Ukimkimbiza askari mweusi, humpati. Ukienda kumsaidia wako, hufiki. Kazi mbili, na kila moja peke yake imeshindikana.

Mzee alimpeleka mfalme g7. Nikasukuma askari h4. Akaenda f6. Nilifikiri: nikisukuma tena, yeye atafika e7, na askari wake atapata ulinzi wa kutosha kuwa malkia pamoja na wangu. Basi kwanza nikamwendea askari wake, mfalme b6. Akacheza e5.

Nilinyamaza pale. Mfalme mweupe alikuwa katikati ya ubao, na kutoka mraba ule aliangalia pande zote mbili. Nikila askari wa c6, anaenda f4, na askari wangu wa h4 yumo mikononi mwake. Nikimsukuma askari h3, anaenda d6, na askari wake hazuiliki; tutapata malkia wote wawili. Hakuna hatua nyingine ya maana. Mfalme aliyekuwa amechelewa kila mahali amefika mahali pote kwa wakati.

"Vipi?" nilimuuliza. Sikuwa nauliza hatua. Hatua nilikuwa nimeziona.

Akaufuta ubao, akaweka mfalme peke yake a1. "Mpeleke a8 kwa njia iliyonyooka. Hatua ngapi?"

"Saba."

"Sasa mpeleke kwa kupitia d4."

Nikampeleka: b2, c3, d4, kisha d5, c6, b7, a8. Saba. Mfalme alikuwa ametembea hadi katikati ya ubao na kurudi ukingoni, na hakupoteza hatua hata moja. Kwenye ardhi tunayokanyaga, njia iliyonyooka ni fupi kuliko ya kuzunguka. Kwenye ubao wa sataranji mfalme anayekwenda mshazari anafika muda ule ule, na njiani anaweza kuwa na shughuli mbili. Réti aliliona hilo akalieleza kwa kete nne. Tangu siku ile sijawahi kumsogeza mfalme kwenye endigemu, yaani mwisho wa mchezo kete zikiwa chache, bila kujiuliza kama kuna mshazari wa kupitia, na kwa maoni yangu hakuna nafasi nyingine ndogo iliyojaa kiasi kile.

Leo kuna hazina za kompyuta zenye jibu la kila nafasi ya kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo. Unaipanga nafasi, inakuambia papo hapo: ushindi, sare au kushindwa. Nazitumia na ninazishukuru. Lakini hazina ile ingeniambia tu kwamba g7 ni sare na hatua nyingine zinapoteza. Isingenipa a1 hadi a8. Ndiyo maana nakubaliana na Capablanca, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, aliyeshikilia kwamba endigemu zisomwe kabla ya ufunguzi. Mtoto anayeanza na kete thelathini na mbili anafundishwa kukariri. Mpe wafalme wawili na askari mmoja, atajifunza kwamba mfalme anapigana, kwamba wakati mwingine kuwa na zamu ni hasara, kwamba mraba mmoja unaweza kuwa mchezo mzima. Hayo ndiyo anayokwenda nayo kwenye nafasi ngumu.

Korido ilikuwa inazidi kuwa tupu, lakini mzee alikuwa na nguvu kuliko mimi. Alipanga ya tatu. Mfalme mweupe b6 na askari c6. Mfalme mweusi a1 na ngome d5. Alisema mwaka 1895 nafasi hii ilichapishwa gazetini huko Glasgow kama sare, hadi padri Mhispania aliyeishi kule, Saavedra, alipoonyesha kwamba weupe anashinda. "Nami sikusaidii," akaongeza.

Askari c7 ilikuwa wazi. Cheki kutoka d6. Nilijaribu kumpeleka mfalme safu ya c, nikaona ngome inashuka d1 na kumsubiri askari kwa cheki ya c1. Nikajaribu b7, ngome ikaja d7 ikamfunga askari asisogee. Kwa hiyo b5. Cheki, b4. Cheki, b3. Cheki, na sasa c2, cheki zimekwisha. Nilikuwa nimeshika malkia mkononi tayari. Mzee akaweka ngome d4 akanyamaza.

Nilimrudisha malkia mezani. Nikimpandisha askari kuwa malkia, ngome inakuja c4 kwa cheki, malkia analazimika kuila, na mfalme mweusi kule pembeni hana cheki wala pa kwenda. Sare. Niliikagua mara ya pili kwa sababu sikutaka iwe hivyo. Kisha nikaona kinachoharibu mambo ni nguvu ya malkia yenyewe: kutoka c4 anaushika mshazari unaokwenda a2, na kumnyima mfalme mweusi mraba wake wa mwisho.

"Ngome," nikasema. "Anapanda kuwa ngome!"

Mzee alicheka kwa sauti hadi mwamuzi akachungulia. Nikaendelea haraka, nikiogopa kupotewa na uzi: ngome c8 inatishia chekimeti ya a8, yaani kummaliza mfalme. Ngome nyeusi lazima ije a4. Hapo mfalme wangu b3, na vitisho ni viwili: kuila ngome, na chekimeti ya c1. Hawezi kuvizuia vyote.

Yule mama alikuwa ametoka ukumbini na kusimama nyuma yetu na begi lake begani. Sikujua amekuwepo tangu lini. Aliinama juu ya ubao.

"Na pale ulipotoka b4 kwenda b3," akaniuliza, "ukienda c3 je?"

Tukairudisha nafasi, sote watatu vichwa vimekutana. Mfalme c3, ngome d1 ikivizia c1. Nikataka kusema ushindi umepotea, lakini mama akamsogeza mfalme c2 akisema, "Ngoja, ngome sasa inakwenda wapi?" Mzee akaiweka d4. Tukaangalia: nafasi ilikuwa ile ile tuliyoiacha, kete kwa kete, na zamu ilikuwa ya weupe.

"Basi na hiyo inashinda," akasema mama, akalishusha begi. "Panga nyingine."